Mkanda Unapolia, Tuulize Sababu

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika na makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa magari ya vyama. Nimechagua jambo moja tu: mlio mkali wa mkanda wa feni katika gari kuukuu.

Nilipokagua chama kimoja cha pembezoni mwa Temeke, nilikuta hati tatu za malipo ya mikanda katika muda wa miezi minne. Wanachama walikwisha kumtuhumu dereva kuwa anaiuza. Niliomba nionyeshwe mikanda iliyotolewa. Yote mitatu ilikuwapo, nayo imelika ubavu mmoja tu. Kumbe boliti inayoshikilia alteneta ilikuwa imelegea, na puli yake imekaa upande. Dereva alikuwa msema kweli. Fedha za chama zilipotea kwa kununua dawa bila ya kuujua ugonjwa.

Katika magari mengi ya zamani, mkanda mmoja huzungusha feni, pampu ya maji na alteneta. Ukikatika, maji huchemka na betri haipati chaji. Dereva akishikilia kuendelea na safari, gasketi ya silinda hedi huweza kuungua, na hapo gharama si ya mkanda tena.

Basi kwanza tusikilize. Mlio ukitokea asubuhi, au baada ya kupita kwenye madimbwi ya masika, kisha ukatoweka, huenda ni unyevu tu. Ukizidi taa zinapowashwa au mafuta yanapokanyagwa, mkanda unateleza: ama umelegea, ama umechakaa. Mlio wa kukatikakatika, kama wa kifaranga, mara nyingi ni dalili kwamba puli hazikukaa katika mstari mmoja. Mngurumo mzito hutuelekeza kwenye beringi.

Pili tutazame. Injini izimwe, na ufunguo uwe mfukoni mwa anayekagua. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake iliyo ndefu. Kwa magari mengi hubonyea kiasi cha milimita 10 hadi 13, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Mkanda unaong'aa ubavuni kama kioo, uliopasuka au uliolowa oili, ubadilishwe. Nako kunakovuja kuzibwe kwanza. Ukiisha kuondolewa, zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuchezacheza ina beringi mbovu.

Yako makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kupaka sabuni: mlio hunyamaza, ubovu hubaki. La pili ni kukaza kupita kiasi: beringi za pampu na alteneta hufa kabla ya wakati wake.

Ndugu Makatibu, msiidhinishe malipo ya mkanda mpya kabla ule wa zamani haujaletwa ofisini, na tarehe, kilomita na sababu ya kuharibika hazijaandikwa katika daftari la gari. Maandishi hayo machache hulinda mali ya wanachama, na humlinda dereva mwaminifu asivunjiwe heshima mbele ya mkutano mkuu. Gari la mtu binafsi husikilizwa na mwenyewe. Gari la chama lisipowekewa utaratibu, hulia na kila mmoja akadhani mwenzake amesikia.