JASHO LA MUOSHA MAGARI NALO LINA MIZANI YAKE

Hotuba hii ilisemwa Wesha, Pemba, mbele ya vijana wanaoosha na kung'arisha magari majumbani mwao. Tunaitoa karibu yote, kwa kuwa yaliyomo yanamfaa kila mwenye kuuza kazi ya mikono yake.





Nimeitwa niseme juu ya bei. Sikuja kuwafundisha kuosha gari, kwani hilo mwalijua kuliko mimi. Mwajua namna ya kuondoa vumbi jekundu la Pemba lililogandana na mvua, na mwajua kuwa gari iliyolala karibu na bahari sharti ioshwe chini pia, maana chumvi haionekani mpaka bati limeshaoza. Kazi mwaijua. Tusichokijua bado ni kusema thamani yake bila ya kuona haya.

Ndugu zangu, hakuna watu duniani wanaopaswa kuijua khabari ya bei kuliko sisi Wapemba. Babu zetu walipanda mikarafuu, wakapanda juu yake, wengine wakaanguka wakavunjika, lakini ilipofika kwenye mizani, aliyetaja bei alikuwa mwengine. Mwaka 1927 kilianzishwa Chama cha Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1937 sheria ikakipa mamlaka makubwa juu ya biashara hiyo, wafanyabiashara wa Kihindi wakapinga, na Bara Hindi wakasusia karafuu zetu mpaka yalipopatikana maafikiano mwaka 1938. Watu walikuwa wakigombana juu ya karafuu, na mchumaji amekaa chini ya mti hakuulizwa neno. Baadaye, tangu mwaka 1968, mnunuzi akawa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Kila bei ya hapa iliposhuka mno chini ya ile ya ng'ambo, magunia yalikwenda Mombasa usiku kwa mashua. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha bei sana, na ikaja ahadi ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia.

Kwa nini nawakumbusha haya? Kwa sababu mkulima wa karafuu alikuwa na udhuru. Bei hakuipanga yeye. Sisi waosha magari hatuna bodi, wala shirika, wala mkoloni anayetupangia. Mteja anasimamisha gari mlangoni, anatoa kichwa dirishani, anauliza, "Kiasi gani, kijana?" Na sisi twajibu, "Nipe utakacho." Huo ni uhuru tulioupewa bure, nasi twaurudisha kwa mikono miwili!

BEI YA MUHALI

Maradhi ya kwanza ya bei zetu ni muhali. Huyu ni mjomba, huyu ni rafiki wa kaka, huyu alinisomesha skuli, yule ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Wote hao wana haki ya heshima, na mimi sisemi tuwavunjie. Lakini Wesha si London. Hapa kila mwenye gari ni jamaa wa mtu. Ukimpunguzia kila jamaa, umewapunguzia wote, na hiyo uliyoiita bei ya jamaa ndiyo bei yako.

Mimi nilianza kazi hii uwani kwa mama yangu, na ndoo mbili na sifongo. Kila jioni nilikuwa na noti mfukoni, nikajiona tajiri. Mama ndiye aliyekuwa akiamka usiku kukinga maji yakitoka, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akifua matambara. Sikuwahesabu. Sabuni nilikuwa nachukua dukani kwa mkopo. Sikuihesabu. Siku pampu ya maji ilipoungua, nilitafuta pesa za kununua nyengine, nikakuta sina hata ya kumlipa fundi wa kuitazama. Nilikaa miezi miwili bila kazi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Mimi yangu ilipotea na khabari nikaipata baadaye.

HESABU YENYEWE

Basi tufanye hesabu mbele ya watu. Tarakimu nitakazozitaja ni za mfano. Kila mtu aweke zake atakapofika nyumbani.

Tuchukue kazi kamili ya gari ndogo: kuosha nje na chini, kuvuta vumbi ndani, kusafisha viti na dashibodi, kupaka matairi dawa, na kumalizia kwa nta ya kung'arisha. Kazi hiyo, ikifanywa vizuri, tuseme inachukua saa tatu.

Kwanza vifaa. Sabuni ya gari Sh. 600/=, dawa ya dashibodi na matairi Sh. 900/=, nta Sh. 1,200/=, uchakavu wa sifongo na matambara Sh. 300/=. Jumla Sh. 3,000/=.

Pili, maji na umeme, Sh. 700/=. Msiseme maji ni ya nyumbani. Ya nyumbani yana bili, au yana mgongo wa mtu aliyeyateka. Na umeme si wa bure ingawa tumeuzoea. Wazee mliopo mwakumbuka tulivyokuwa tukitegemea mashine za dizeli hapa hapa Wesha, kabla ya mwaka 2010 ulipofika umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Umeme huo ndio uliotuwezesha kuwa na pampu na mashine ya kuvuta vumbi. Basi na uingie katika hesabu.

Tatu, mashine zenyewe. Tuseme pampu na mashine ya vumbi umezinunua kwa Sh. 450,000/=, na zitaishi miaka miwili. Ukiosha magari 15 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, kwa miaka miwili utakuwa umeosha magari 1,500. Gawa: kila gari inadaiwa Sh. 300/=. Shilingi mia tatu tu! Lakini ni hizo nilizozila mimi, zikanikalisha miezi miwili.

Nne, jasho lako. Hapa ndipo wengi tunapojipunja. Tuseme wataka Sh. 16,000/= kwa siku ya saa nane. Mtu atasema haraka: Sh. 2,000/= kwa saa. Siyo! Katika saa nane hizo, zipo za kungoja mteja, zipo za mvua, zipo za kwenda Chake Chake kununua dawa. Saa za kazi yenyewe huenda zikawa tano. Gawa kumi na sita elfu kwa tano, upate Sh. 3,200/= kwa saa. Saa tatu ni Sh. 9,600/=.

Jumlisha sasa: 3,000 na 700 na 300 na 9,600. Ni Sh. 13,600/=. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya akiba, kwa siku ya kuugua au kioo kilichovunjika: Sh. 1,360/=. Imekuwa Sh. 14,960/=. Mwambie mteja Sh. 15,000/=, na umwambie ukimtazama usoni.

Sasa mtazameni kijana anayeifanya kazi hiyo hiyo kwa Sh. 8,000/=. Vifaa, maji, umeme na mashine vimekwisha kula Sh. 4,000/=. Kwa saa tatu za kuinama amebakiwa na Sh. 4,000/=. Kwa siku ya saa tano za kazi hajafika hata Sh. 7,000/=. Yeye anadhani anamshinda mwenziwe, kumbe anamlipia mwenye gari sehemu ya usafi wa gari yake. Maskini anamfadhili mwenye gari! Mambo gani haya?

HAKI YA MTEJA

Lakini, ndugu zangu, bei ya haki ina pande mbili. Dini yetu imetukataza kupunja vipimo na mizani. Kujipunja mwenyewe ni upungufu wa akili, na kumpunja mteja ni dhambi. Yote mawili tuyaache.

Kwanza, bei isifuate uso wa mtu. Gari ya mgeni anayeshuka Wesha kupanda mashua ya Misali ina magurudumu manne kama ya mwalimu wa Chake Chake. Akitozwa mara tatu kwa sababu hajui Kiswahili, atawaambia wenziwe, na sisi tutapata jina baya. Na gari ya ofisi isiongezewe bei kwa kuwa anayelipa hayupo. Hapo wengine huombwa waandike risiti ya kiasi kikubwa kuliko kilicholipwa. Mimi niliwahi kuombwa hivyo na dereva wa ofisi moja. Nilikataa, nikakosa kazi ile. Sikujuta. Anayekuzoesha wizi mdogo leo, kesho atakutaja jina lako.

Pili, bei ifuate kazi. Gari kubwa ya viti vingi haiwezi kuwa sawa na gari ndogo. Aliyebeba samaki au mbuzi atalipa zaidi kwa ajili ya harufu, kwa kuwa dawa na saa vimezidi. Lakini dereva wa daladala anayetaka kumwagiwa maji na kufutwa vioo kila asubuhi asilazimishwe kununua nta. Mpigie hesabu ya nusu saa yake, umtoze hiyo, naye atakuwa mteja wa kila siku. Mteja wa kila siku akipunguziwa kidogo si muhali huo, ni hesabu, kwa sababu amekupunguzia saa za kungoja.

Tatu, bei itajwe kabla ya maji kumwagwa. Andikeni ubao, muuweke mlangoni: gari ndogo kiasi fulani, gari kubwa kiasi fulani, nta kiasi fulani. Ubao hauna mjomba wala shangazi. Ukitaka kumpunguzia mzee wako, mpunguzie, lakini andika katika daftari kuwa umetoa zawadi, ujue mwisho wa mwezi umetoa zawadi ngapi. Na usiku wa kuamkia Sikukuu, kila mtu anapotaka gari ing'are, bei isiruke mlangoni kama jini. Ikiwa mtaongeza kwa kuwa mnakesha, iandikwe wiki moja mbele.

TUSIPATANE BEI, TUPATANE HESABU

Mmoja wenu aliniambia kabla ya mkutano: tukae, tule yamini, bei iwe moja kwa wote, na atakayeshuka tumtenge. Naifahamu hasira yake, lakini siungi mkono. Sheria za ushindani wa biashara, kama ile ya Tanzania Bara ya mwaka 2003, zinakataza wauzaji wanaoshindana kupatana bei. Na hata pasingekuwa na sheria, isingekuwa haki. Yupo mwenye kisima uwani na yupo anayenunua maji kwa dumu. Yupo mwenye mikono miepesi na yupo anayejifunza. Vipi tuwafunge kamba moja?

Tunachoweza ni kikubwa zaidi. Tufundishane hesabu hii mpaka asiwepo hata mmoja anayeuza kwa khasara bila kujua. Tununue sabuni na nta pamoja kwa madumu makubwa, tugawane, kila mmoja apate kwa bei nafuu. Tuweke mfuko mdogo, kila mmoja atie kidogo kila wiki, ili pampu ya mtu ikiungua asikae miezi miwili kama nilivyokaa mimi. Huo ndio umoja wenye maana: kumzuia mwenzako asianguke, si kumtisha.

Na neno moja la mwisho kuhusu jirani. Maji yetu machafu yanateremka pwani, kwenye mikoko wanakozaliana samaki na kaa. Mafuta ya gari yakifika huko, anayelipa ni mvuvi, ambaye hakuosha gari wala hakupata shilingi. Tuchimbe mashimo ya mawe na mchanga ya kuchujia maji, na mafuta yakusanywe mbali kwenye debe. Gharama yake iingie katika bei. Bei inayomwachia jirani uchafu si bei nafuu. Ni deni lililoandikwa kwa jina la mwengine.

Vijana wenzangu, wazee wetu walipeleka karafuu zao kwenye mizani ya watu, wakangoja waambiwe. Sisi mizani tunayo mkononi: daftari ya senti chache na kalamu. Kesho asubuhi, kabla ya gari ya kwanza kuingia uwani, kaeni na wake zenu, na mama zenu, na wadogo zenu wanaowafulia matambara, mhesabu pamoja. Na mteja akitoa kichwa dirishani akauliza, "Kiasi gani, kijana?", msimwambie tena atoe atakacho. Mwonyesheni ubao.