Ntheo, Cheti na Altare: Ndoa Inafungwa Wapi?





Katika jubilei hii tumeombwa tuseme neno kuhusu ndoa. Inafaa, maana kwaya ndiyo inayoimba harusi karibu zote hapa. Lakini wakati wa komunyo tunawaona wenzetu wanaobaki vitini, wakiendeleza wimbo huku sisi tukipanga foleni. Wanaishi vizuri na wake au waume zao, watoto wanasoma, mbuzi wa ntheo walipelekwa zamani. Wanasema wanangoja pesa za harusi. Kwa ajili yao tunaomba tuongee polepole.

Kwetu Ukambani, bila ntheo hakuna ndoa. Hata mahakama huuliza habari zake mtu anapodai alikuwa mke wa marehemu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na zote zinatakiwa zisajiliwe. Hatudharau hayo. Mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake anajua thamani ya cheti.

Hata hivyo, mkataba wa serikali na sakramenti si kitu kimoja. Mkataba unalinda haki za mume, mke na watoto, na mahakama iliyo na sababu inaweza kuuvunja. Kanisa linafundisha kwamba kati ya wabatizwa wawili, Kristo ameliinua agano lenyewe la ndoa kuwa sakramenti. Likishafungwa kihalali na kukamilishwa, hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kulifungua. Kwa hiyo Mkatoliki aliyekwenda kwa msajili peke yake ana cheti halali, lakini sakramenti bado. Anayefunga altareni hapa Kenya hupata vyote viwili, kwa kuwa padre mwenye leseni huiandikisha ndoa hiyo pia kwa serikali.

Na sakramenti hii hutolewa na nani? Wengi hujibu, padre. Katika Kanisa letu la Kilatini, bwana na bibi arusi ndio wanaopeana, kwa ridhaa yao. Padre au shemasi huipokea ridhaa hiyo kwa jina la Kanisa, mbele ya mashahidi wawili. Zamani watu waliweza kuoana kwa siri, kisha mmoja akakana na mwenzake akakosa wa kumtetea. Ndipo Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukaagiza padre na mashahidi wawepo.

Hesabuni basi kinachohitajika. Keki haimo. Hema halimo, wala magari yenye riboni, wala kamati ya michango. Hata kwaya haimo, ingawa kulisema hilo siku ya leo kunatuuma kidogo.

Pesa basi si sababu, na kwa wengine haijawahi kuwa sababu. Sheria inaihesabu ndoa ya kimila kuwa inayoweza kuongezwa mke, na ya Kikristo kuwa ya mke mmoja. Yuko mume anayesema "mwaka ujao" kila mwaka kwa sababu anataka mlango ule ubaki wazi. Mkewe anajua. Anaimba soprano, na hasemi kitu. Mume huyo tungependa aseme wazi kwamba anaogopa agano, kuliko kusingizia bei ya ng'ombe.

Tena, tunapenda kusema "kubariki ndoa", kana kwamba padre ananyunyizia maji jambo lililokwisha. Kwa kawaida wanaokuja baada ya ntheo au baada ya msajili hutamka ridhaa upya. Ni harusi yao, hata kama wajukuu wamekaa benchi la mbele.

Aliye tayari amwone paroko, akiwa na cheti cha ubatizo. Kuna mafundisho, kisha matangazo kanisani. Kama mwenzako si Mkatoliki, njooni wote wawili. Ruhusa huombwa kwa askofu. Wachumba kadhaa wanaweza kufunga ndoa katika Misa moja, na kwaya itaimba bila malipo. Tuarifuni mapema tu, maana besi wetu huchelewa kushika nyimbo mpya.