MAANDISHI YA MGONGONI

Leo tunawasalimu kutoka Kaplong, pale njia ya Bomet inapokutana na ile itokayo Kericho kwenda Sotik na Kisii. Mwenye Biblia afungue Kutoka, mlango wa 28, mstari wa 36 hadi 38.

Siku ya soko hapa, mtu akisimama nusu saa tu husoma mengi bila kununua gazeti. Fulana inapita na jina la mgombea kiti, ingawa uchaguzi ulikwisha zamani. Nyingine ina picha ya marehemu na tarehe ya mazishi. Nyingine ni mtumba, imekuja na maneno ya Ulaya au Marekani. Mzee mmoja alikuja kwenye Meza ya Bwana amevaa fulana ya kutangaza pombe. Hasomi Kiingereza, na ndiyo iliyokuwa fulana yake safi. Tulimpa mkate na divai kama wengine, wala hatujuti.

Lakini maandishi ya nguo si mchezo. Dada zetu wa pwani walijua hilo zamani: kanga ina jina, na mwanamke huchagua jina akijua kwamba jirani atalisoma. Nasi huku hatujasahau mapema 2008, nyumba zilipochomwa mpakani mwa Sotik na Borabu baada ya uchaguzi. Nani wakati ule angethubutu kuvuka upande wa pili na fulana ya chama kifuani?

Sasa, vijana wa kanisa letu walichanga fedha, wakachapishiwa fulana. Mgongoni iliandikwa, "Mimi ni wa Yesu." Jioni moja tulimwona mmoja wao akitoka kilabuni, ameivaa ndani nje, maandishi yasionekane. Tukamwita, tukamkemea kwa ukali. Akainamisha kichwa, akasema, "Mchungaji, niliigeuza ili nisimwaibishe Yesu."

Tulikuwa na jibu tayari, hubiri zima. Lakini usiku ule usingizi ulikataa, maana tulikumbuka kola yetu. Hii kola nyeupe ya kasisi nayo ni maandishi. Majuma machache kabla ya hapo, mvua ikinyesha na giza likiingia, matatu ya mwisho ya kwenda Kericho ilifika stendi. Tulivua kola, tukaitia mfukoni, kisha tukasukumana na watu mpaka tukapata kiti. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akabaki nje kwenye mvua. Yule kijana aligeuza fulana yake kwa aibu. Sisi tulivua kola kwa hesabu.

Turudi kwa Haruni. Alivikwa bamba la dhahabu safi mbele ya kilemba, limefungwa kwa uzi wa samawi, limechorwa maneno ya kumtaja kuwa mtakatifu kwa Bwana. Angalieni lilipowekwa: juu ya paji la uso. Watu wote waliliona. Haruni peke yake hakuweza kulisoma. Na mstari wa 38, ambao chuoni tuliupita mbiombio, wasema kwamba mwenye kulivaa ndiye aliyebeba uovu ulioingia katika sadaka za watu. Tena, ukisoma Walawi mlango wa 8, utaona alivikwa baada ya kisa cha ndama wa dhahabu, ambaye yeye mwenyewe alimtengeneza. Mungu alijua anamvika nani.

Yule kijana tulimrudia, tukamweleza habari za kola. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mbele, na sisi sote wa nyuma yake tukasoma mgongo wake.

Mama wa stendi hatumjui jina. Kila siku ya soko tunamtafuta kwa macho. Mama, ikiwa unatusikiliza asubuhi hii, mtu aliyekusukuma jioni ile alikuwa na kola mfukoni. Tunakuomba radhi.

Tuombe.