Moteri ikilia, tusitengeneze nusu

(Maneno ya fundi mmoja, mwanachama wetu, aliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Lusenda)



Nimeombwa niseme juu ya pikipiki ya chama. Munajua ilisimama. Wengi wanadhani ilichoka. Hapana, haikuchoka. Ni mimi niliitengeneza nusu, na leo nataka kulisema wazi ili lisimpate mwingine.

Ufundi nilijifunza Tanzania, kambini Nyarugusu, chini ya mti, kwanza baiskeli, kisha pikipiki. Kule tulisema cheni ya taimingi. Niliporudi nikakuta Baraka wanasema sheni ya distribisyo. Ni kitu kimoja. Si ile cheni ya nje inayozungusha tairi la nyuma. Hii iko ndani ya moteri, inaoga mafuta, na hakuna anayeiona. Inaunganisha kranki ya chini na kamu ya juu, ile inayofungua valvu. Kranki ikizunguka mara mbili, kamu inazunguka mara moja, bila kupotea hata jino moja.

Pembeni ya cheni kuna reli mbili za kuiongoza. Nyuma ya reli moja kuna tensiona: kipini chenye springi kinachosukuma reli ili cheni isilegee. Cheni ikirefuka kwa kuchakaa, kipini kinatoka zaidi, na hakirudi nyuma. Kikifika mwisho, hakina tena cha kusukuma. Ndipo asubuhi, moteri ikiwa baridi, munasikia ubavuni kra-kra-kra. Ikipata moto kelele inapungua, na dereva anasema, «Imepona». Haijapona.

Sasa kosa langu. Dereva wetu alileta pikipiki inalia hivyo. Nikafungua: cheni imelegea, tensiona imetoka karibu yote, reli zimechimbika, meno ya sproketi yamechongoka. Nikataja bei ya vyote. Sanduku letu lilikuwa karibu tupu, tulikuwa tumetoka kwenye msiba. Nikaulizwa, «Fundi, haiwezi kwenda na cheni peke yake?» Nikajibu inaweza. Hapo ndipo nilikosa, juu ya kuona haya kukataa.

Majuma machache kulikuwa kimya. Halafu usiku mmoja dereva alimpakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, kumpeleka Baraka. Hawajafika Lweba, moteri ikakohoa, ikazima. Kiki ikawa nyepesi kama hakuna kitu ndani. Cheni ilikuwa imeruka meno, na valvu imegonga pistoni. Yule mama alisimama gizani hadi msamaria mmoja akapita na pikipiki yake. Alijifungua salama, Mungu asifiwe. Lakini kama hakupita mutu?

Baada ya hapo tulinunua valvu, pistoni, na tena cheni, tensiona, reli na sproketi. Tulilipa kile tulichokimbia, tukaongeza na kingine.

Kwa hiyo, vijana mulio garajini, nawaachia haya.

Moja, cheni, tensiona, reli na sproketi vinabadilishwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka inachakaa upesi. Reli ikivunjika, vipande vyake vinaanguka kwenye mafuta na vinaweza kuziba chujio.

Mbili, kabla ya kufungua, zungusha moteri hadi alama ya T kwenye magneti ikutane na alama ya kwenye dirisha lake, pistoni iko juu na valvu zote mbili zimefungwa. Tazama pia alama ya sproketi ya kamu. Cheni ya zamani ifunge kwa waya isianguke ndani, na tundu lizibe kwa kitambaa safi, bolti isidumbukie.

Tatu, tensiona inarudishwa ndani kwanza, ndipo inafungwa, ndipo inaachiwa isukume. Ukiifunga ikiwa imetoka, utakaza cheni kupita kiasi au utavunja kitu.

Nne, usipige kiki upesi. Zungusha kranki kwa ufunguo, mkono wako mwenyewe, mizunguko miwili kamili. Alama zikikutana tena, vizuri. Ukihisi kitu kimegoma, simama. Usilazimishe.

Tano, si kila pikipiki iko na cheni hii. Honda CG125, na nyingi za Kichina zilizoiga moteri yake, zinasukuma valvu kwa fito. Boxer na TVS tulizo nazo hapa ziko nayo. Jua kwanza unachofungua.

Na ninyi madereva: mafuta yabadilishwe kwa wakati. Mafuta machafu yanakula cheni. Ukisikia kra-kra, njoo siku hiyo.

Kwa chama niko na ombi moja. Kila safari ya pikipiki iweke kitu kidogo kwenye sanduku la piesi, sanduku lake peke yake, lisiguswe hata kwa msiba. Najua neno hili ni gumu, sisi sote tulizikana kule ugenini. Lakini pikipiki ile ndiyo inayobeba wagonjwa wetu, na feza yake ndiyo inajaza sanduku la msiba.

Kwa wafadhili: aksanti kwa pikipiki. Mukifikiria tena kutusaidia, mutukumbuke na vitu vidogo, seti ya cheni na funguo nzuri. Pikipiki bila piesi ni mgeni wa siku chache.

Deni la kazi yangu ya kwanza nalibeba mimi. Kazi ya pili sikudai malipo.