Mgeni Mpe Jembe

(Hotuba iliyotolewa na mhitimu wa shule yetu, ambaye sasa ni mtumishi wa umma, katika mkutano wa mwaka wa wahitimu)



Barua ya Katibu ilinitaka nichague jambo lolote nililojifunza tangu nilipoondoka hapa. Nimechagua jambo dogo. Nataka kuzungumza juu ya mgeni. Simsemi mgeni anayekuja kututembelea kisha akaenda zake. Namsema mgeni anayekuja kukaa na kufanya kazi pamoja nasi. Na hasa mwalimu anayekwenda kufundisha katika nchi isiyo yake, na jinsi walimu waliomtangulia huko wanavyompokea, au wanavyoshindwa kumpokea.

Huenda mkauliza, jambo hili latuhusu nini? Latuhusu sana. Zamani sisi ndio tuliokuwa tukipokea walimu kutoka nje. Mwaka 1961 Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianza mpango wa kuleta walimu wa Kimarekani katika shule za sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadhi yao walipitia kwanza Makerere. Walikuwa vijana, hawakujua lugha zetu, lakini walikabidhiwa madarasa wakafanya kazi. Miaka mingi baadaye walimu hao waliunda chama chao cha wahitimu, kama hiki chetu, na chama hicho kilisaidia shule za Afrika Mashariki. Mtu hasahau mahali alipopewa kazi akaaminiwa.

Siku hizi na sisi tunatoka. Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza nia ya kufundisha Kiswahili kama somo la hiari katika shule zake. Mwaka 2019 nchi za SADC zilikifanya kuwa lugha rasmi ya jumuiya hiyo. Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi. Lugha ikisafiri, mwalimu wake husafiri nayo. Kwa hiyo, vijana, baadhi yenu mtakuja kuwa walimu ugenini, na wengine mtakuja kuwa wenyeji wa walimu wageni. Yafaa mjue mapema.

Mimi mwenyewe nilikwenda mwaka 2008. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza na Jiografia, nikachaguliwa katika mpango wa Fulbright unaowapeleka walimu vijana Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, wasaidie kufundisha lugha za kwao katika vyuo vya huko, na wao wenyewe wasome masomo mawili kila muhula. Nilipelekwa katika chuo kimoja cha kaskazini, upande wa yale Maziwa Makuu yao. Nilifika Agosti, jua likiwaka, nikadhani habari za baridi zimetiwa chumvi.

Ndugu zangu, mimi nilipokewa vizuri. Nasema hivyo mwanzoni ili mpate kunihukumu kwa haki baadaye. Alinipokea mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa amefundisha pale miaka mingi. Siku ya kwanza alinipikia wali. Siku ya pili alinipeleka benki, akanionyesha kituo cha basi, akaniingiza dukani na kunionya kwamba unga wa mahindi wa Kimeksiko usinidanganye kwa weupe wake, maana mahindi yake huchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, na ladha yake si ya ugali wetu. Siku ya tatu alinipa daftari.

Lilikuwa daftari la kawaida, kubwa, lenye jalada gumu. Ndani yake kila mwalimu wa Kiswahili aliyepita pale alikuwa ameandika mambo aliyotaabika kuyajua. Basi za Jumapili zinapita saa ngapi. Buti za theluji zinauzwa wapi kwa bei nafuu. Mwanafunzi akikuita kwa jina lako tupu, bila "Mwalimu", usikasirike, hana nia mbaya. Ukifundisha saa, chora saa ubaoni, maana hawataelewa kwa nini saa moja yetu ni saa saba yao. Yule mama akaniambia, "Soma, kisha uandike yako. Usinirudishie kama lilivyo."

Mnajua methali yetu: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huifahamu kama methali ya kumchoka mgeni. Siku hiyo mimi niliifahamu kwa namna nyingine. Wali ulinifanya nijione mgeni wa heshima. Daftari lilinifanya nijione mwenyeji, kwa sababu sasa palikuwa na jambo lililonihitaji mimi.

Sasa nisikilizeni nilivyolitumia jembe hilo.

Desemba yule mama alirudi Unguja kwa likizo ya muhula mzima, akaniachia daftari. Januari 2009 alifika mwalimu mpya kutoka magharibi mwa Kenya, aliyekuja kusoma shahada ya pili na kusaidia kufundisha. Siku hizo theluji ilikuwa ikifika magotini. Sisi tuliozungumza Kiswahili tulikuwa watano, na kila Ijumaa jioni tulikutana chumbani kwa mmoja wetu, tukala na kuzungumza. Tulimwalika mgeni. Tulimpikia. Tulimkalisha kwenye kiti kizuri. Kisha tukaendelea na mazungumzo yetu, yenye vichekesho vya tangu Septemba ambavyo yeye hakuvijua, wala hatukumweleza.

Katikati ya mazungumzo akasema kwa sauti ya upole, "Samahani, niko na swali."

Mimi, mwenyeji wa miezi mitano, nikamkatiza. Nikasema, "Ndugu yangu, hapa hatusemi 'niko na swali'. Twasema 'nina swali'. Au huko kwenu swali nalo hukaa mahali?" Watu wakacheka sana. Na mimi nikacheka, nikifurahia maneno yangu. Naye akatabasamu. Mazungumzo yakaendelea.

Swali lake hatukulisikia.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Ijumaa ya pili hakuja. Tukasema, "Labda ana kazi nyingi." Mmoja akasema, "Labda anaringa." Wiki ya tatu mkuu wa idara aliniuliza kama ndugu yangu amepona. Nikauliza, amepona nini? Kumbe alikuwa amelala chumbani siku nne kwa homa kali, na aliyempelekea supu na dawa alikuwa mwanafunzi mmoja wa darasa lake, Mmarekani wa miaka kumi na tisa. Sisi watano, watu wa lugha moja naye, tulikuwa umbali wa majengo mawili.

Nilikwenda kumwona. Mlangoni palikuwa na viatu vyake vya kitambaa, vimekakamaa kwa maji ya theluji yaliyokauka. Nikamuuliza kwa nini hajanunua buti. Akanijibu bila hasira, "Siku ile nilitaka kuuliza zinauzwa wapi."

Jibu lilikuwa ukurasa wa pili wa daftari. Na daftari lilikuwa juu ya rafu yangu, tangu Desemba.

Ndugu Mwenyekiti, nimewahi kukosea mambo makubwa kuliko hilo katika kazi yangu, lakini hakuna linalonirudia usiku kama hilo. Nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe. Lakini Ijumaa iliyofuata tulipomwalika tena, hakuja. Ndipo nikaelewa kwamba radhi pekee haimrudishi mtu. Ilikuwa kama kumpikia wali mara ya pili.

Kilichomrudisha ni hiki. Katika darasa langu mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini twasema "mwalimu wangu" lakini twasema "rafiki yangu", ilhali wote wawili ni watu. Nilijibu, "Ndivyo tunavyosema." Akaandika jibu langu kwa utii, nami nikaona aibu, maana ningekuwa mimi mwanafunzi nisingeridhika. Mwenzangu yule alikuwa amefundisha sarufi miaka sita huko kwao. Nikamwendea, nikamwambia kweli kwamba nimekwama, na nikamwomba aje alifundishe darasa langu kipindi kimoja.

Alikuja. Akaeleza kwamba majina ya udugu na urafiki kama baba, dada na rafiki huchukua kimilikishi cha ngeli ya I-ZI, kwa hiyo ni "rafiki yangu" na "marafiki zangu". Lakini kitenzi hubaki katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo twasema "rafiki yangu amefika". Alieleza kwa dakika kumi jambo ambalo mimi, mwenye Kiswahili changu nilichokuwa nikijivunia, sikuwahi kulifikiri. Mwishoni mwa kipindi wanafunzi walimzunguka. Ijumaa hiyo alikuja bila kualikwa, akiwa na daftari alilokuwa ameniazima, na ndani yake ameandika kurasa saba za ngeli.

Naomba msidhani kwamba mambo yote yalitengenea. Tulipokaa sote alizungumza kwa uangalifu, akipima maneno kabla ya kuyatoa. Hata mwezi Mei, tulipoagana, alikuwa bado akiyapima. Jeraha la kuchekwa mbele za watu hupona polepole, na pengine halimaliziki.

Sasa nataka kusema nililojifunza, na nitalisema katika mambo matatu.

Jambo la kwanza: mgeni apewe mwenyeji mmoja. Sisi watano tulikuwa tumempokea sote, na kwa hiyo hakuna aliyempokea. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda kumjulia hali. Mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, angejua kwamba mgeni ameugua.

Jambo la pili: swali la mgeni lijibiwe kwanza. Kama lugha yake ina kasoro, kasoro hiyo itangoja. Na mara nyingi si kasoro. Ni desturi ya alikotoka. Najua kwamba sisi Watanzania tuna ugonjwa wa kujifanya mahakimu wa Kiswahili cha wengine. Tunataka dunia nzima izungumze lugha yetu, kisha mtu akifungua kinywa tunamcheka. Tutapata wapi wazungumzaji? Hali kadhalika swali la mgeni huwa ni lile lile waliloliuliza wageni wote waliomtangulia. Likitukera, tukumbuke kwamba kwake yeye ni mara ya kwanza. Na lililojibiwa liandikwe, ili anayekuja mwakani asilazimike kuona haya kuliuliza.

Jambo la tatu: mgeni apewe kazi mapema, kazi ya kweli, ambayo asipoifanya itaonekana. Asikabidhiwe mzigo wote uliotushinda, la. Huko ni kumwonea. Apewe kitu anachokiweza, na atuone tukimtegemea.

Jambo hili la tatu sikulijua mara ya kwanza Marekani. Nililijua hapa hapa, ila nilikuwa nimelisahau. Mwaka 1994 nililetwa katika bweni lile la chini nikiwa na sanduku la bati na shuka moja. Kwa wiki nzima jina langu lilikuwa "njuka", nikachotea watu maji na kucheka pale walipotaka nicheke. Kisha kiranja wa kilimo akanipa ufunguo wa ghala la majembe. Kila alasiri niligawa majembe na kuandika jina la aliyechukua. Jioni niliyapokea na kuyahesabu. Baada ya wiki mbili nilijua jina la kila mtu bwenini, na wao walilazimika kujua langu, kwa sababu bila mimi hapana jembe. Sikuitwa njuka tena. Kiranja yule yupo hapa leo, amekaa safu ya pili. Sidhani kama anakumbuka. Mimi nakumbuka.

Sasa kazini kwangu hufika walimu wapya, vijana, wakiwa na barua ya kupangiwa kituo mkononi na begi begani, wakienda shule ambazo hawajawahi kuzisikia. Huwauliza wakuu wao wa shule jambo moja tu: nani atampokea? Nikijibiwa "sisi sote", huuliza tena mpaka nipate jina.

Na ninyi vijana, Januari Kidato cha Kwanza watafika na masanduku yao. Nawaomba viongozi wa mabweni muandike orodha: mgeni mmoja, mwenyeji mmoja. Kabla wiki ya kwanza haijaisha, kila mgeni awe na kazi yake yenye ufunguo, au daftari, au kengele.

Wahitimu wenzangu, nasi tujitazame. Wale waliomaliza mwaka jana wamekaa pale karibu na mlango, na tangu asubuhi nimeona tukipita mbele yao tukikumbushana vichekesho vya mwaka 1997. Chama hiki kinahitaji mweka kumbukumbu na mtu wa kutunza orodha ya wanachama walioko nje ya nchi. Napendekeza, Ndugu Mwenyekiti, kazi hizo mbili wapewe wao, na wapewe leo kabla hatujala.