Rehani na Bei Khiyari

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kueleza maneno mawili ya sheria ambayo watu wengi huyachanganya, nayo ni rehani na bei khiyari. Kuyachanganya kuliwapotezea wazee wetu wa Unguja na Pemba mashamba mengi.

Tuchukue mfano. Mtu wa Msuka, katika siku za rupia, ana shamba la minazi lenye thamani ya rupia 500. Ahitaji rupia 200 kwa arusi ya bintiye, naye aenda kwa tajiri.

Akiliweka shamba rehani, shamba lingali lake. Tajiri amelishika kuwa dhamana ya deni tu. Muda ukipita naye hajalipa, shamba haligeuki kuwa la tajiri. Huuzwa, tajiri akatwaa rupia zake 200, na zile 300 zilizosalia humrudia mwenyewe.

Akiliuza kwa bei khiyari, mambo ni mbali. Hapo shamba limekwisha uzwa kwa rupia 200. Alichobakiwa nacho ni khiyari, yaani haki ya kurudisha zile fedha na kulitwaa shamba kabla ya muda uliowekwa. Muda ukipita, khiyari imekufa, na zile rupia 300 zimekwenda pamoja na shamba.

Kilichowadanganya watu ni hiki: mara nyingi muuzaji aliachwa akae shambani, aangue nazi kama desturi, akitoa ijara. Akadhani kwamba ijara ile yapunguza deni, kumbe deni li pale pale. Riba ni haramu, walakini ijara ile ilifanya kazi ya riba.

Mwaka 1934 Serikali ya Zanzibar ilitoa sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie kwa wengine pasipo idhini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya umma. Hata hivyo miti yaweza kuwa milki ya mtu, nayo huuzwa na hukodishwa. Basi hati zingali zikiandikwa.

Kabla ya kutia saini au dole gumba, na tuulize mambo matatu. Je, mali imekwisha toka mikononi mwetu? Muda ukipita itakuwaje? Ziada ni ya nani? Atakayetujibu kwamba hayo ni maneno tu, na tumrudishie kalamu yake.