Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha: Ya Kufanya Kabla ya Kulipa Kianzio

Mada kwa semina ya wanachama wa SACCOS, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Waandaaji wameniomba nizungumzie uwekezaji wa nyumba za kupangisha kwa anayeanza. Wengi wenu mnakaribia kustaafu, na mafao yenu yanasubiriwa na wengi, madalali wakiwemo. Nitapita haraka kwenye mnayoyajua ili nibakize muda kwa jambo linalowaleta watu ofisini kwetu wakiwa wameshachelewa. Niseme pia kwamba nazungumza kama mthamini; huu si msimamo wa wizara wala wa halmashauri yoyote.

2.0 Maana na aina

Nyumba ya kupangisha ni ile ambayo mwenyewe anaitoa yote au sehemu yake kwa kodi. Tunazo za vyumba vya korido na choo cha uani, za chumba na sebule, apatimenti, na fremu za biashara. Ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mwenye hati anamiliki haki ya kuitumia kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Haya mnayajua, nisiwachoshe.

3.0 Hesabu

Tuseme umenunua nyumba ya sehemu nne kwa shilingi milioni 80, kila sehemu shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 7,200,000. Ondoa mwezi mmoja wa vyumba vitupu, ondoa 600,000 za kunyonya choo, koki, rangi na bati, unabaki na milioni sita, yaani asilimia 7.5 ya ulichotoa. Riba ya mikopo ya nyumba benki imekuwa ikichezea asilimia 15 hadi 19. Anayeanza asikope kwa riba hiyo akitegemea kodi ndiyo ilipe deni. Mwenyekiti wa Bodi atanisamehe, najua SACCOS inaishi kwa mikopo.

Kuhusu kodi za serikali: mpangaji akiwa kampuni, atakata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu 2023. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mrudishieni. Nimeona watu wakigombana uani kwa ajili ya hizo 1,500.

4.0 Karatasi ya mtaa

Sehemu kubwa ya jiji hili imejengwa bila kupimwa. Nyumba nyingi ambazo mstaafu anazimudu, Chanika, Kivule, Goba ya ndani, zinauzwa kwa hati ya mauziano iliyoandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: mashahidi wa kila upande, picha za pasipoti, dole gumba, mhuri wa mwenyekiti juu ya saini. Kisha inatajwa asilimia kumi ya bei, ya ofisi. Viongozi wa juu wameikemea majukwaani mara nyingi. Bado inatajwa.

Naomba mtu aisome karatasi hiyo taratibu. Wanadamu wameandikwa kwa ukamilifu, majina matatu matatu na namba za simu. Ikifika kwenye ardhi inasema: hatua 20 kwa 25, kaskazini Mama Fulani, kusini njia, mashariki Mzee Fulani, magharibi bonde. Hatua za nani? Mama Fulani akiuza akahamia Kibaha, mpaka wa kaskazini unabaki wapi? Hakuna namba ya kiwanja, na hakuna daftari ambamo mauziano hayo yangegongana na mengine. Ndiyo maana kipande kimoja kinaweza kuuzwa mara mbili kwa mihuri ya ofisi ileile, mmoja wa mwenyekiti aliyepita na mwingine wa aliyepo, na kila mnunuzi akalala usingizi.

Mhuri unaonyesha kwamba watu walifika, wakakubaliana, pesa ikahesabiwa mezani. Hauonyeshi kwamba muuzaji alikuwa na cha kuuza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Mwenyekiti wa mtaa mjini hana mamlaka ya namna hiyo. Vijiji vya pembezoni vilipomezwa na jiji vikawa mitaa, mamlaka yaliondoka, mazoea yakabaki. Tumelisema redioni, tumelisema kwenye vikao vya kata. Kesho yake anaingia mtu na bahasha ya kaki, karatasi kaitia laminesheni.

Nitoe mfano bila majina. Muuguzi mstaafu alinunua nyumba ya vyumba sita kutoka kwa kaka mkubwa wa familia ambayo baba yao alikuwa amefariki. Mtaa ulishuhudia, ukoo ulikuwepo, soda zilinywewa. Hakuna aliyeuliza kama mirathi imefunguliwa. Wadogo wa kaka huyo waliokuwa mkoani walipokuja kuifungua Mahakama ya Mwanzo, aliyeteuliwa msimamizi hakuwa kaka yule, na wapangaji wakapewa barua kwamba kodi wasimpelekee muuguzi huyo tena. Karatasi yake ilikuwa na mihuri mitatu. Aliniuliza kama kuna mhuri mwingine angeweza kuongeza.

Lipo pia suala la mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na lipo la hifadhi ya barabara: nyumba zilizobomolewa mwaka 2017 kandokando ya Barabara ya Morogoro, Kimara kwenda Kiluvya, zilikuwa na watu ndani, na karatasi ya mauziano haisogezi barabara.

Sisemi wenyeviti ni watu wabaya. Wengi wanaijua historia ya mtaa vizuri sana, nani alirithi wapi na nani anadaiwa. Muulizeni. Ila msimfanye Msajili wa Hati.

5.0 Mapendekezo

(a) Nyumba yenye hati ifanyiwe upekuzi rasmi kwa Msajili kabla ya kianzio, siyo baada. Hapo ndipo rehani na zuio huonekana. Nakala aliyokupigia picha dalali kwa simu si upekuzi.

(b) Nyumba isiyo na hati: mlete mpima aliyesajiliwa achukue vipimo, kisha mwende mipango miji ya halmashauri kuuliza eneo limepangiwa nini. Huenda ni shule, huenda ni barabara.

(c) Urasimishaji "unaoendelea" usihesabiwe kuwa hati. Kuna mitaa watu walichanga zamani na wanasubiri hadi leo.

(d) Muuzaji akisema "ni ya marehemu baba", aonyeshe uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kikao cha ukoo hakitoshi.

(e) Mke au mume wa muuzaji aridhie kwa maandishi, akiwepo mwenyewe.

(f) Waulizeni wapangaji waliomo kodi wanamlipa nani, na wamelipa hadi lini. Kama wameshatoa ya mwaka mzima, hiyo pesa imeshaliwa.

(g) Narudia: upekuzi kwanza, kianzio baadaye.

(h) Asilimia kumi msitoe. Mkidaiwa, ombeni stakabadhi ya serikali, kisha mngoje muone.

(i) Mkataba wa mauziano uandikwe na wakili, benki ihamishe pesa. Karatasi ya mtaa ibaki kiambatisho.

(j) Mgogoro ukizuka, mjue kwamba tangu 2021 Baraza la Ardhi la Kata linasuluhisha tu. Anayetaka uamuzi aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akiwa na nauli na subira.

(k) Bodi ya SACCOS isiidhinishe mkopo wa kununua nyumba kwa karatasi ya mtaa peke yake. Nililipendekeza hili kwenye semina iliyopita, na naona kwenye makabrasha ya leo fomu ya mkopo bado ina nafasi ya mhuri wa mwenyekiti na haina nafasi ya majibu ya upekuzi. Ibadilishwe kabla ya mafao ya mwaka huu kuingia.